Fidla ya Umeme na Amplifaya: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yanahusu fidla (wengine husema vayolini) za aina mbili: ya umeme yenye bodi ngumu, na ya kawaida iliyofungwa pikapu (kifaa kinachogeuza mtetemo kuwa umeme). Vipimo vyote ni vya kuanzia. Ukumbi, nyuzi na mkono wako ndivyo vitakavyoamua vya kumalizia.

## Mambo ya msingi

1. Kwa nini fidla yangu inasikika nyembamba na kali nikiichomeka kwenye amplifaya?

Sababu ni mbili, na mara nyingi zote zipo kwa pamoja.

Ya kwanza ni bodi. Fidla ya mbao yenye tumbo haitoi mtetemo wa nyuzi peke yake. Hewa iliyomo tumboni huitika karibu na Hz 270 hadi 280 (Hz ni idadi ya mitetemo kwa sekunde), mbao zenyewe huitika kwa nguvu kati ya Hz 450 na 550 hivi, na daraja hunyanyua eneo la Hz 2,000 hadi 3,000. Sikio letu limezoea mchanganyiko huo na kuuita "sauti ya fidla". Bodi ngumu haina tumbo la kuitika, na pikapu iliyokaa darajani inachukua uzi na mkwaruzo wa uta vikiwa vitupu. Unene wa sauti lazima uurudishe mwenyewe (swali la 8 na la 10).

Ya pili ni ingizo (sehemu ya kuchomekea chombo) lisiloendana na pikapu. Hili ndilo kosa linaloharibu fidla nyingi, na ndilo rahisi kulitibu. Soma swali la 5 kabla hujanunua kitu chochote.

2. Nitumie amplifaya gani: ya gitaa la umeme, ya gitaa kavu, ya kinanda au ya besi?

Kwa sauti safi, chagua ya gitaa kavu. Ina twita (spika ndogo ya sauti za juu), ingizo lake limetengenezwa kwa ajili ya pizo (aina ya pikapu, swali la 3), na nyingi zina swichi ya fezi (ya kugeuza mawimbi ya sauti) na kichujio cha kuua mluzi.

Ya gitaa la umeme isidharauliwe. Spika yake ya inchi 12 haina twita na huanza kushuka kwa kasi baada ya Hz 5,000, kwa hiyo mkwaruzo mwingi wa uta unabaki ndani. Ukitaka sauti chafu ya roki, hii ndiyo yenyewe. Ukitaka sauti safi, kumbuka kwamba amplifaya nyingi za mtindo wa Fender hukata sauti za kati hata vifungo vyote vikiwa namba 5. Anza na besi 3, kati 8, trebo 3.

Ya kinanda ni pana na safi, ila ingizo lake kwa kawaida ni la vyombo vyenye saketi ya umeme ndani. Weka priampu (kifaa kinachoipokea na kuikuza sauti ya pikapu kwanza) mbele yake. Ya besi inafaa ikiwa ina twita, lakini uwezo wake wa chini hauna kazi hapa: uzi wa chini wa fidla ni G ya Hz 196, na uzi wa chini wa gitaa la besi ni Hz 41.

3. Pikapu ya pizo, ya sumaku na maiki zinatofautianaje?

Pizo hupima mgandamizo na mtetemo wa daraja, na inafanya kazi na nyuzi za aina yoyote. Ya sumaku inahitaji nyuzi zenye chuma kinachovutwa na sumaku, hivyo nyuzi za kiini cha sintetiki kama Dominant hazitasikika ipasavyo. Sauti yake ni laini, inakaribia gitaa. Maiki ndogo ya kubana pembeni ndiyo yenye sauti ya kweli zaidi kwa fidla ya mbao, lakini ndiyo ya kwanza kupiga mluzi ngoma zikianza. Majibu yanayofuata yanachukulia kwamba una pizo, maana ndiyo iliyoenea.

4. Je, ni lazima ninunue priampu?

Angalia kwanza kama fidla yako ina nafasi ya betri. Ikiwa nayo, priampu imo ndani tayari na unaweza kuchomeka karibu popote. Kama haina betri na unachomeka kwenye miksa, kinanda, spika ya sherehe au kompyuta, priampu ni lazima. Ukichomeka kwenye amplifaya ya gitaa yenye ingizo la megaohmu 1 unaweza kuanza bila priampu, japo kwa pikapu nyingine besi itapungua kidogo.

Kuna priampu zilizotengenezwa kwa vyombo vyenye pizo, kwa mfano LR Baggs Para Acoustic DI, yenye ingizo la megaohmu 10 na inayotumia betri ya volti 9 au umeme wa fantomu wa volti 48 (unaotoka kwenye miksa kupitia waya wa maiki). Ukiwa na bajeti ya kifaa kimoja tu, nunua priampu yenye ikwalaiza (vifungo vya kurekebisha besi, kati na trebo) ndani. Makanyagio mengine (vifaa vya kubadili sauti vinavyokanyagwa kwa mguu) yatasubiri.

## Ingizo, nyaya na betri

5. Impidansi ya ingizo ni nini, na kwa nini kila mtu anaitaja?

Ni ukinzani ambao pikapu inakutana nao inapoingia kwenye amplifaya. Pizo kiumeme ni kapasita (kihifadhi chaji) ndogo. Kapasita ikikutana na ukinzani wa ingizo, viwili hivyo vinaunda kichujio kinachokata sauti za chini. Mahali kinapoanzia kukata hupatikana kwa kugawa 1 kwa (2π × ukinzani × kapasitansi).

Chukua pikapu ya pikofaradi 1,000 (pikofaradi ni kipimo cha kapasitansi):

- Ingizo la laini la miksa, kiloohmu 10: kukata kunaanzia Hz 15,900 kushuka chini. Yaani karibu fidla nzima ipo kwenye mteremko, na uzi wa G umeumia kuliko wote.
- Ingizo la gitaa, megaohmu 1: kunaanzia Hz 159. G ya Hz 196 inapoteza desibeli 2 hivi.
- Priampu ya pizo, megaohmu 10: kunaanzia Hz 16, chini kabisa ya fidla. Hakuna kinachopotea.

Pikapu ikiwa ndogo, pikofaradi 500, hata megaohmu 1 haitoshi sana: kukata kunaanzia Hz 318 na G inapoteza karibu desibeli 6.

Hii ndiyo sababu kupandisha kifungo cha besi kwenye miksa hakuponyi. Unanyanyua kitu ambacho hakikuingia, na kinachopanda ni mvumo. Tiba inakaa kabla ya miksa: priampu iwe kifaa cha kwanza baada ya fidla, kabla ya kanyagio lolote.

6. Urefu wa waya unaathiri sauti?

Kwa pizo isiyo na priampu, ndiyo, lakini si kama kwenye gitaa. Waya wa kawaida una kama pikofaradi 100 kwa kila mita. Kwenye gitaa la sumaku waya mrefu hula trebo. Kwenye pizo hupunguza nguvu ya sauti yote kwa pamoja: mita 3 hupunguza desibeli 2 hivi kwa pikapu ya pikofaradi 1,000, na mita 10 hupunguza nusu ya volti, yaani desibeli 6. Tumia waya wa mita 2 au 3 hadi kwenye priampu. Baada ya hapo urefu si tatizo.

Waya wa spika una plagi zile zile lakini hauna ngao ya kuzuia mvumo. Ukishika waya usioujua, fungua kifuniko cha plagi uangalie: wa chombo una uzi mmoja wa katikati uliozungukwa na wavu, wa spika una nyaya mbili nene zinazofanana.

7. Sauti ilikuwa nzuri, sasa inakatika na kupasuka. Nini kimeharibika?

Betri, mara nyingi. Kwenye fidla na priampu nyingi, kuchomeka jeki ndiko kunakowasha saketi, kwa hiyo ukiiacha imechomekwa usiku kucha betri inaisha bila muziki wowote. Chomoa kila unapomaliza. Betri ya volti 9 iliyoshuka hadi volti 7 bado inatoa sauti, lakini noti za nguvu zinapasuka kwanza. Pima kwa mita kabla ya shughuli.

Betri ikiwa nzima, kagua nati ya jeki (hulegea kwa kuvutwa) na kipande cha waya kinachotoka darajani. Kipande hicho ni chembamba mno, hukatika pale kinapokunjwa kila siku.

## Besi, kati na trebo

8. Nianzie wapi kurekebisha ikwalaiza?

Anza kwa kukata. Kuongeza kuje mwisho.

Weka kila kitu sifuri. Kata sauti za chini kwa kichujio kwenye Hz 150 hadi 180. Fidla haina noti huko, kuna ngurumo za mkono, kidevu na jukwaa tu. Kwa fidla ya nyuzi 5 yenye C ya Hz 131, kata kwenye Hz 100 hadi 110.

Kisha tafuta makali. Chukua kifungo cha kati kinachohamishika, kipandishe desibeli 6, ukizungushe polepole kati ya Hz 2,000 na 4,500 huku unapiga uzi wa E kwa uta mrefu. Patakapouma masikio zaidi ndipo penyewe. Geuza hapo hapo: shusha desibeli 4 hadi 6. Ukiwa na muda wa kufanya kitu kimoja tu kabla ya shughuli, fanya hiki. Lakini usishushe desibeli 12, maana eneo hilo hilo ndilo linalofanya fidla isikike katikati ya kinanda na ngoma.

Mkwaruzo wa singa uliobaki uondoe kwa kukata juu ya Hz 7,000 au 8,000. Mwisho rudisha tumbo: ongeza desibeli 2 hadi 4 karibu na Hz 280, na kidogo karibu na Hz 500. Sauti ikigeuka kuwa ya ndani ya debe, umezidisha Hz 400. Ikiwa ya puani, punguza kati ya Hz 800 na 1,200.

Linganisha ikwalaiza ikiwa imewashwa na ikiwa imezimwa, kwa kiwango kimoja cha sauti. Sikio hudhani kilicho kikubwa ndicho kizuri.

9. Nina ikwalaiza ya Boss GE-7 tu. Niiweke vipi?

Slaida zake za masafa ni 7. Kwa fidla ya bodi ngumu yenye nyuzi 4, anza hivi: Hz 100 chini desibeli 10, Hz 200 sifuri, Hz 400 juu 3, Hz 800 chini 2, Hz 1,600 chini 2, Hz 3,200 chini 6, Hz 6,400 chini 8. Ukitumia amplifaya ya gitaa isiyo na twita, irudishe ya Hz 6,400 hadi chini 3, kwani spika yenyewe inakata. Kama fidla haina betri, iweke GE-7 baada ya priampu (swali la 5).

10. Faili za mwitiko, yaani IR, zinasaidia kweli?

Kwa bodi ngumu zinasaidia kuliko ikwalaiza yoyote. IR ni picha ya jinsi tumbo la fidla halisi linavyoitika, na kanyagio lenye uwezo wa kuisoma huipa pizo mabonde na vilima vingi ambavyo vifungo vitatu haviwezi kuviiga. Hakikisha faili ni ya fidla na si ya kabati la spika za gitaa. Changanya asilimia 50 hadi 70 ya IR na sauti ya moja kwa moja inayobaki, ili uta usichelewe masikioni. Usiielekeze kwenye amplifaya ya gitaa: spika yake itafunika kazi yote. Na kwa fidla ya mbao yenye pikapu uitumie kidogo, kwa kuwa tumbo lipo tayari na IR inaweza kuongeza mluzi.

11. Uzi wa E unapiga kelele, wa G hausikiki. Ikwalaiza itatibu?

Itapunguza, haitatibu. Tatizo mara nyingi liko darajani. Kama pikapu ni ya kupachikwa kwenye nafasi ya pembeni ya daraja, mfano wa Fishman V-200, lazima ishike bila kulegea na bila kulazimishwa. Ikilegea, weka kipande chembamba cha mbao. Ikibana sana, fundi wa fidla aipanue nafasi hiyo kidogo kidogo kwa msasa. Daraja lisimame wima na nyayo zake zikae zote juu ya mbao. Baada ya kukaza nyuzi daraja huvutwa kuelekea vigingi, kwa hiyo likague kila unapobadili nyuzi.

Uzi wa E wa chuma kitupu ni mkali kwa asili. Jaribu uliozungushiwa waya. Na punguza rozini: kwenye pizo, vumbi lililoganda juu ya uzi linasikika kama mchanga.

## Mluzi na mvumo

12. Fidla inapiga mluzi nikiongeza sauti. Nifanyeje?

Kwanza sogea. Spika ikiwa nyuma yako na inaelekea mgongoni, sauti yake inaingia tumboni mwa fidla na kurudi tena. Weka amplifaya pembeni mbele, imeinuliwa kuelekea masikioni, ili usikie bila kuongeza. Kisha bonyeza swichi ya fezi. Mara nyingine hiyo peke yake inatosha. Baada ya hapo tafuta noti inayolia kwa kichujio chembamba. Kwa fidla ya mbao iko kwa kawaida kati ya Hz 250 na 550, yaani kwenye miitikio ile ya swali la 1. Njia ya mwisho ni kuziba matundu ya f kwa sponji laini, usiyoisukumia ndani.

Bodi ngumu hailii kirahisi. Ikilia, mara nyingi umezidisha geini (kiwango cha kukuza) ya sauti chafu (swali la 15).

13. Kuna mvumo hata nisipopiga. Unatoka wapi?

Chomoa waya wa fidla kwenye amplifaya. Mvumo ukibaki, uko kwenye amplifaya au umeme wa ukumbi. Ukiondoka, uko kwenye fidla au waya wake.

Mvumo wa chini wa Hz 50 au 100 unaotokea pale tu unapounganisha miksa na amplifaya kwa pamoja ni mzunguko wa ethi. Chomeka vyote kwenye ekstensheni moja, au tumia swichi ya kukata ethi iliyo kwenye DI boksi (kisanduku cha kupeleka sauti ya chombo kwenye miksa). Usikate wala kuchomoa pini ya ethi ya plagi ya umeme. Pini hiyo ndiyo inayokulinda usipigwe shoti ukiwa umeshika chombo na maiki kwa wakati mmoja. Jenereta na inveta za bei ndogo huongeza mlio wa nyuki. Hapo tumia priampu kwa betri.

## Makanyagio

14. Mpangilio wa makanyagio uweje?

Priampu, ikwalaiza, kompresa, oktavu, sauti chafu, korasi, dilei, riveba. Kompresa (hupunguza tofauti ya sauti kubwa na ndogo) iwe ya uwiano wa 2:1 au 3:1, ishushe desibeli 3 hadi 5 tu. Fidla ina noti ndefu zinazoendelea, haihitaji kubanwa kama gitaa. Kwa dilei, gawa 60,000 kwa mapigo ya dakika: mwendo wa 100 unatoa milisekunde 600 kwa pigo moja.

15. Nikiweka sauti chafu inageuka kelele za nyuki. Kwa nini?

Pizo inapeleka sauti za juu nyingi kuliko pikapu ya gitaa, na kanyagio la sauti chafu linazizidisha zote. Kata juu ya Hz 4,000 kabla ya kanyagio, na tena juu ya Hz 5,000 baada yake kama hutumii spika ya gitaa. Shusha geini hadi nusu ya ile ambayo mpiga gitaa angeweka, kwani uta unashikilia noti wenyewe. Piga uzi mmoja mmoja. Nyuzi mbili kwa pamoja huzaa noti za tatu zisizo na tuni, isipokuwa tano kamili na oktavu.

## Jukwaani

16. Nimwambie nini fundi mitambo?

Mpe laini ya XLR (plagi ya pini tatu kama ya maiki) kutoka kwenye DI, na umweleze mambo matatu: akate chini ya Hz 150, asiongeze kati ya Hz 2,500 na 4,000, na riveba aache kama unayo yako. Muulize kama umeme wa fantomu umewashwa kabla hujachomeka, na mwombe afunge sauti ya chaneli wakati huo. Kama unatoa sauti kwenye jeki ya kanyagio la kawaida kupitia adapta ya XLR, fantomu izimwe.

17. Naweza kutumia waya hewa (mtambo usio na waya)?

Ndiyo, ila nyingi zilitengenezwa kwa gitaa au maiki ya tai. Transmita ya maiki ina ingizo la chini, na pizo itapoteza tumbo lote (swali la 5). Weka priampu ndogo ya kiunoni kabla ya transmita. Mitambo ya GHz 2.4 hushirikiana masafa na Wi-Fi, kwa hiyo weka risiva jukwaani karibu nawe, isikae kwenye meza ya miksa.

18. Kwenye taarabu fidla zinapotea chini ya kinanda na akordioni. Niongeze sauti?

Mkiwa fidla tatu zinazopiga laini moja na kila moja ina ikwalaiza ile ile, zinajazana mahali pamoja. Acha moja iwe na tumbo (Hz 280), nyingine mbili zikatwe chini ya Hz 250. Mwombe mpiga kinanda apunguze sauti zake za nyuzi kwenye oktavu mnayopiga. Mara nyingi kinachozifunika fidla ni nyuzi za kinanda zenyewe, maana zinakaa pale pale na hazichoki. Riveba iwe fupi, sekunde 1.2 hadi 1.5, ili vipambo na mitelezo ya vidole isikike.

19. Napanga nyuzi Kiarabu, G-D-G-D. Kuna la kubadilisha?

Uzi wa A ukishushwa hadi G na wa E hadi D, mvuto wake unapungua, na mgandamizo wa daraja upande huo unapungua pia. Pizo itatoa sauti ndogo na laini zaidi juu. Kwa hiyo ule ukataji wa makali wa swali la 8 upunguze hadi desibeli 2 au 3, la sivyo uzi wa juu utakuwa butu. Hakikisha pikapu haijalegea baada ya kushusha. Kichujio cha chini kibaki pale pale, kwa kuwa G ya chini haijabadilika.

20. Makanyagio ya kurekebisha tuni na ya kuongeza sauti ya pili yanafaa kwa maqam (skeli za muziki wa Kiarabu)?

Ya kurekebisha tuni hayafai. Yamepangwa kwa nusu toni 12 zilizo sawa. Noti ya tatu ya maqam Rast hukaa kati ya meja na maina, na kanyagio litaivuta hadi moja kati ya hizo mbili, pengine kwa kuyumba huku na huku ndani ya uta mmoja. La sauti ya pili linaleta shida hiyo hiyo likiwa limewekwa kufuata skeli. Likiwa na chaguo la kipimo kisichobadilika, kwa mfano oktavu au tano, linabeba robo toni yako kama ilivyo. Kanyagio la oktavu la kawaida halina neno, mradi upige uzi mmoja: linafuata noti uliyoshika wewe, popote ilipo.